Habari za Risasi Ndogo na Uwindaji wa Ayala

Katika lugha yetu neno "risasi" lina maana mbili. Ni jina la madini yale laini, mazito, yenye rangi ya kijivu. Tena ni jina la kitu kile kitokacho katika mdomo wa bunduki. Wazee wetu waliolitumia hivyo hawakukosea, kwa maana muda wa karne nyingi vitu hivi viwili vilikuwa kitu kimoja: aliyetaka kupiga bunduki aliyayeyusha madini, akayamimina katika kalibu, akapata tufe. Lakini tangu miaka ya 1880 vitu hivi vimeachana kidogo kidogo, hata leo ziko risasi za bunduki zisizo na chembe ya risasi ndani yake. Habari ya kuachana huko ndiyo tutakayo kuieleza, na hasa jinsi wawindaji wa Ulaya na Marekani walivyotafuta risasi ndogo iliyofaa kumwua ayala kwa karibu.

Ayala twamjua kwa jina katika Zaburi, lakini yeye mwenyewe hayuko katika mapori yetu. Amefanana na kulungu kwa umbo, ila dume lake huota pembe zenye matawi, na pembe hizo huanguka kila mwaka zikaota nyingine. Wako wa namna nyingi. Ayala mwekundu wa milima ya Scotland aweza kupita uzito wa kilo 100; yule mdogo wa misituni, aitwaye roe, hazidi sana kilo 25; na katika misitu ya Marekani yuko ayala wa mkia mweupe, ambaye wawindaji wengi humpiga akiwa karibu, pengine hatua hamsini, mara nyingi chini ya hatua mia, kwa sababu miti huwazuia wasione mbali.

Labda msomaji atauliza, Je, kuna ugumu gani kumpiga mnyama aliye karibu hivyo? Ugumu si kumpiga, bali ni kumwua upesi. Sisi tuliokulia vijijini twajua mnyama aliyejeruhiwa ni nini. Hukimbia na jeraha lake, hulala kichakani, hufa siku ya tatu au ya nne, na nyama yake haimfai mtu bali fisi. Mnyama hana kinywa cha kushtaki; kwa hiyo jambo hili la kuchagua risasi, ingawa laonekana dogo, limekuwa jambo la dhamiri, na mwishoni, kama tutakavyoona, limekuwa jambo la sheria.

Tuanze na tufe la kale. Katika karne ya 18 mafundi wenye asili ya Ujerumani waliokaa Pennsylvania walitengeneza bunduki ndefu, zenye mifereji iliyopindapinda ndani ya kasiba ili tufe lizunguke na kwenda sawasawa. Wawindaji wa mipakani walizipenda, wakachagua matufe madogo kuliko ya askari. Bunduki ya askari wa Kiingereza ilikuwa na tundu la milimita 19 hivi, bali zile za wawindaji zilikuwa za milimita 10 hadi 13. Sababu yao ilikuwa uchumi: risasi na baruti zilichukuliwa mgongoni safari ya miezi, na tufe dogo lilitumia kidogo.

Lakini tufe lina sheria yake isiyovunjika. Ukilipunguza upana kuwa nusu, uzito haupungui kuwa nusu, bali kuwa sehemu ya nane. Tufe la risasi lenye upana wa milimita 12 lina uzito wa gramu 10 hivi. La milimita 6 lina uzito wa gramu moja na robo tu. La kwanza laweza kupenya kifua cha ayala. La pili huishia nyamani. Kwa hiyo muda wote wa tufe, risasi ndogo ilikuwa ya ndege na sungura, wala hapakuwa na hila ya kuigeuza.

Hila ilipatikana ilipobadilishwa sura. Mnamo mwaka wa 1849 afisa Mfaransa, Claude-Étienne Minié, alitoa risasi ndefu yenye ncha mbele na shimo nyuma. Risasi ndefu huchukua uzito mwingi ndani ya upana mdogo, kama vile mkuki uchukuavyo uzito katika ncha nyembamba. Kisha mwaka wa 1884 Mfaransa mwingine, Paul Vieille, alifanya baruti isiyotoa moshi, yenye nguvu kupita ile nyeusi ya zamani. Sasa risasi iliweza kurushwa kwa mwendo usiojulikana kwanza. Ila palitokea shida mpya: madini laini yakisukumwa kwa mwendo ule hupakaa ndani ya kasiba na kuiziba mifereji. Dawa ya shida hiyo ilikuwa imekwisha kufikiriwa na Mswisi, Eduard Rubin, ambaye mnamo mwaka wa 1882 alivika risasi ganda la shaba. Basi hapo ndipo madini na risasi ya bunduki vilipoanza kuachana.

Mataifa yakaifuata njia hiyo upesi. Wafaransa walipata bunduki ya milimita 8 mwaka wa 1886, na Waingereza bunduki ya inchi 0.303, yaani milimita 7.7, mwaka wa 1888. Watu walistaajabu: risasi nyembamba kama kalamu ilikwenda mbali kuliko matufe yote ya zamani. Lakini askari waliorudi kutoka vita vya Chitral, mpakani mwa India, mwaka wa 1895, walilalamika ya kuwa risasi ile hupita katika mwili kama sindano katika nguo, na adui huendelea kuja. Mkubwa wa kiwanda cha serikali kilichokuwako Dum Dum, karibu na Calcutta, Kapteni Neville Bertie-Clay, akaifanya risasi yenye ganda lisilofunika ncha. Ncha laini ilipogonga mwili ilitanuka kama uyoga, ikafanya jeraha kubwa.

Mwaka wa 1899 wajumbe wa mataifa walikutana The Hague, wakatoa tamko la kukataza risasi za namna hiyo vitani, kwa kuwa zazidisha maumivu ya majeruhi pasipo haja. Hapa twaomba msomaji atulie kidogo, maana jambo hili lina ajabu. Kile kile kilichohukumiwa kuwa ukatili juu ya mwanadamu kimehesabiwa kuwa rehema juu ya mnyama. Tena si kigeugeu. Askari aliyejeruhiwa hutoka vitani, akachukuliwa kwa mganga, akapona, inatosha kumzuia. Bali ayala hana mganga. Risasi ipitayo kama sindano humwachia kifo cha siku nyingi. Risasi itanukayo humwangusha pale pale, au baada ya hatua chache. Ndiyo maana wawindaji waliishika ile ncha laini, nao wameishika hata leo.

Katika Marekani bunduki ya kwanza ya namna hii kwa wawindaji ilitokea mwaka wa 1895. Kampuni ya Winchester iliuza risasi ya inchi 0.30 kwa bunduki aliyoibuni John Moses Browning, nayo ikaitwa thelathini-thelathini. Risasi yake ilikuwa na gramu 10 na zaidi kidogo, na mwendo wake mita 600 hivi kwa sekunde. Kwa hesabu za siku zetu mwendo huo si mkubwa. Tena ncha yake ilikuwa butu, kwa sababu risasi zilipangwa katika mrija chini ya kasiba, moja nyuma ya nyingine, na kama ncha ingalikuwa kali ingaliweza kugonga kiberiti cha ile iliyo mbele yake na kuilipua. Lakini bunduki hiyo isiyo na majivuno imeua ayala wengi mno katika misitu minene. Sababu ni nyepesi kuelewa: mwendo wake wa wastani uliifanya risasi itanuke bila kupasuka, na uzito wake uliisukuma hata ikavuka kifua.

Basi watu wangaliweza kuridhika. Lakini mwanadamu akiisha kuonja mwendo hutaka mwendo zaidi. Charles Newton, mwanasheria wa New York aliyependa mambo ya bunduki kuliko sheria, alibuni risasi ya inchi 0.22, na kampuni ya Savage ikaitoa mwaka wa 1912. Uzito wake ulikuwa gramu 4 na nusu tu, lakini mwendo wake ulipita mita 800 kwa sekunde. Sifa zake zikaenea. Mmishonari Mmethodisti katika jimbo la Fujian, China, jina lake Harry Caldwell, aliua chui-milia kwa bunduki hiyo ndogo, na habari hizo zikatangazwa kila mahali. Wanunuzi wakasema, Ikiwa yaua chui-milia, ayala ni nini? Lakini wengi walipoijaribu waliona mambo mengine. Risasi nyepesi yenye ganda jembamba, ikimpata mnyama mkubwa begani kwa karibu, ilipasuka juu juu ya nyama kama yai ukutani. Jeraha lilikuwa pana la kutisha, lakini mapafu hayakuguswa. Mnyama akakimbia.

Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka wa 1915, Newton alibuni nyingine yenye upana wa milimita 6 na nusu hivi. Yeye alitaka iwe na risasi ya gramu 6 na nusu. Kampuni ilipenda kutangaza ya kuwa mwendo wake ni futi 3,000 kwa sekunde, jambo ambalo halijapata kuonekana katika duka la bunduki. Na kwa kuwa risasi nzito haikuufikia mwendo huo, wakaweka nyepesi, ya gramu 5.6. Tarakimu nzuri ya tangazo ikachagua risasi badala ya mwindaji kuichagua. Baadaye ile nzito aliyoitaka Newton ilikuja kuuzwa, na wawindaji wa ayala wengi wakaipenda zaidi. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Walisema juu ya watu, lakini hata katika risasi neno lao limesimama.

Sasa twamfikia mtu ambaye jina lake lafungamana na nchi zetu za Afrika Mashariki. Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa mwaka wa 1880, alikuja kuwinda tembo, na kwa sababu ya safari zake katika Karamoja, Uganda, wenzake walimwita "Karamojo". Aliua tembo zaidi ya elfu moja katika maisha yake. Leo, tembo walipokwisha kupungua hivi, hesabu hiyo yatuhuzunisha. Lakini kwa habari yetu ni lazima tuitaje, kwa sababu wengi wa tembo hao aliwaua kwa bunduki ya milimita 7, wakati wenzake walichukua bunduki nzito za kuvunja bega. Risasi yake ilikuwa nyembamba lakini ndefu, ya gramu 11 na zaidi, imefunikwa ganda gumu pande zote isitanuke kabisa. Naye alikuwa amepasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo. Alikaribia, akangoja, akapiga mahali pale alipopajua.

Watu waliosikia habari zake walichukua nusu yake. Walishika ya kuwa risasi ndogo yatosha, wakasahau fuvu lililopasuliwa kwa msumeno. Bell mwenyewe alipozeeka alikaa Scotland, akawinda ayala wekundu, na huko alijaribu bunduki mpya ya Winchester iliyotoka mwaka wa 1935, iitwayo Swift. Risasi yake ilikuwa na upana wa inchi 0.22 na uzito wa gramu 3 tu, lakini mwendo wake ulikuwa kama mita 1,250 kwa sekunde. Bell aliisifu sana. Twaamini alivyosema, kwa kuwa mkono ulikuwa wa Bell. Lakini katika mikono ya wengine Swift ilirudia kosa la ile ya mwaka wa 1912, tena zaidi.

Kwa nini? Hapa ndipo penye kiini cha shauri letu. Watu wengi hudhani ya kuwa kumpiga mnyama kwa karibu ni kazi nyepesi kwa risasi kuliko kumpiga kwa mbali. Kwa mpigaji ni nyepesi, bali kwa risasi ni ngumu. Risasi itokapo mdomoni mwa bunduki ina mwendo wake wote; kadiri iendavyo mbele, hewa huupunguza. Risasi laini inayotanuka vizuri hatua mia mbili, huenda ikapasuka vipande vipande hatua thelathini, kwa kuwa inagonga kwa nguvu nyingi mno kuliko ganda lake liwezavyo kuvumilia. Kwa hiyo mwindaji wa karibu mwenye bunduki ndogo ya mwendo mkubwa ndiye ahitajiye risasi ngumu kuliko wote.

Jambo hilo lilimpata Mmarekani John Nosler, mwaka wa 1946, katika misitu ya British Columbia. Yeye hakutumia bunduki ndogo. Yake ilikuwa ya inchi 0.30, yenye nguvu kubwa. Alimpiga kongoro wa kaskazini aitwaye moose, aliyejipaka matope makavu, akampiga mara kwa mara, na risasi zikapasuka juu ya ngozi bila kuingia ndani. Aliporudi nyumbani aliketi akafikiri. Akafanya risasi yenye ukuta wa shaba katikati, kama chumba chenye kiambaza: sehemu ya mbele hutanuka, na ya nyuma hubaki nzima ikaisukuma ile ya mbele hata ndani. Mwaka wa 1948 alianza kuziuza. Tangu hapo mafundi wengine wamefanya ganda nene, wengine wameliunganisha ganda na madini ya ndani yasiachane, na tangu miaka ya 1980 wako waliofanya risasi ya shaba tupu yenye shimo nchani, ambayo hufunguka kama ua la petali nne na haipasuki.

Serikali nazo ziliingia. Katika Uingereza na Wales, Sheria ya Ayala ya mwaka wa 1963 ilikataza kumpiga ayala kwa bunduki yenye upana chini ya inchi 0.240, au yenye nguvu chini ya futi-ratili 1,700 mdomoni, tena iliagiza risasi iwe ya kutanuka. Ile Swift ya Bell kwa nguvu peke yake ingalipita. Kwa upana ilikataliwa. Scotland, kwa amri ya mwaka wa 1985, ilipima kwa njia nyingine: risasi ya kumpiga ayala mkubwa isipungue gramu 6 na nusu, na ya yule mdogo, roe, isipungue gramu 3 na robo. Mwaka wa 2007 Uingereza na Wales waliruhusu risasi ya inchi 0.22, yenye gramu 3 na robo au zaidi, kwa ayala wawili walio wadogo kabisa, yaani muntjac na ayala wa maji wa China. Katika Marekani kila jimbo lina kanuni yake. Virginia, kwa mfano, haikubali chini ya inchi 0.23. Sheria hizi hazikuwekwa kwa ajili ya Bell mmoja, bali kwa ajili ya watu elfu wasio Bell.

Na ile sheria ya Scotland imebadilika tena mwaka wa 2023, ikashusha uzito wa risasi ya ayala mkubwa kutoka gramu 6 na nusu hata gramu 5.2. Je, wamerudi nyuma? Sivyo. Risasi za shaba tupu ni nyepesi kuliko za madini ya risasi kwa ukubwa ule ule, lakini hupenya vizuri kwa kuwa hazipotezi vipande njiani. Nako kupotea kwa vipande kumekuwa shauri jingine. Picha za eksirei za nyama ya ayala zimeonyesha punje za risasi, ndogo kama vumbi, zimetapakaa mbali na tundu la jeraha, na madini hayo ni sumu kwa alaye, hasa kwa watoto. Ndege wakubwa walao mizoga huko California walikufa kwa sumu hiyo, hata jimbo hilo likaikataza risasi ya madini katika uwindaji wote tangu mwaka wa 2019.

Lakini risasi ndefu ya shaba yadai jambo moja zaidi. Profesa Mwingereza, Alfred Greenhill, alionyesha mwaka wa 1879 ya kuwa kadiri risasi ilivyo ndefu kwa upana wake, ndivyo inavyohitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi ili isipepesuke. Bunduki nyingi za inchi 0.22 za zamani zina mifereji inayozunguka polepole, mzunguko mmoja katika inchi 14. Hizo zafaa risasi fupi nyepesi tu. Mtu akitia risasi ndefu nzito katika kasiba ya namna hiyo, yaenda upande upande kama mshale usio na manyoya. Basi kuchagua risasi pasipo kuitazama kasiba ni kama kununua kiatu pasipo kuutazama mguu.

Tukikusanya yote, twaona mambo manne ambayo mwindaji mwenye akili hujiuliza kabla ya kumwendea ayala wa karibu na bunduki ndogo. La kwanza, sheria ya nchi yasemaje? La pili, mnyama huyu ana ukubwa gani, na mifupa yake ina unene gani? La tatu, je, risasi hii ilifanywa kwa ajili ya ayala, au ilifanywa ipasuke katika mwili wa mbweha? La nne, je, kasiba yangu yaweza kuizungusha? Akiisha kujibu hayo hubaki la tano, nalo si la risasi: je, mkono wangu waweza kuifikisha kifuani, nyuma ya bega, penye moyo na mapafu? Kama hawezi, asipige.

Hatukuyaandika haya ili msomaji atwae bunduki. Katika nchi zetu wanyama wa porini wanalindwa na sheria, na Kenya ilikataza uwindaji wa michezo tangu mwaka wa 1977. Tumeyaandika kwa sababu habari ya chombo kidogo hutufunulia tabia ya mtu. Mara tatu, mwaka wa 1912, wa 1915 na wa 1935, watu walivutwa na mwendo na tangazo, na mara tatu gharama ililipwa na mnyama aliyekwenda kufa kichakani asionekane. Wahenga walisema, Mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, Bell angaliua kwa risasi karibu yoyote. Lakini kwa sisi wengine, tusio na mkono wa Bell, kuchagua vema ni sehemu ya kazi yenyewe, na aliye dhaifu katika ustadi hana ruhusa ya kuwa mvivu katika kuchagua.